Maji Baada ya Upasuaji wa Kupunguza Uzito: Funda kwa Funda, Kutwa Nzima

Kabla ya upasuaji, mtu akitoka juani hujimiminia glasi ya maji, huimaliza kwa mkupuo na kuendelea na shughuli zake. Mfuko wa chakula hutanuka na kuipokea. Baada ya upasuaji wa aina ya slivu, takribani robo tatu ya mfuko huo au zaidi huwa imekatwa, na kinachobaki ni bomba jembamba lenye umbo la ndizi. Baada ya baipasi, aina nyingine ambayo sehemu ya juu ya mfuko huunganishwa moja kwa moja na utumbo mdogo, hubaki kifuko cha takribani mililita 30, yaani vijiko viwili vya mezani. Wiki za kwanza mshono nao huwa umevimba kwa ndani, kwa hiyo njia ya maji ni nyembamba kuliko itakavyokuwa baadaye.

Mahitaji ya mwili hayakukatwa pamoja na mfuko. Wengi huambiwa wafikishe lita 1.5 hadi 2 kwa siku. Tena yale maji tuliyokuwa tukiyapata bila kujua ndani ya ugali, mboga, maharagwe na matunda yamekatika, kwa kuwa chakula chenyewe hakiliki. Ndiyo maana kuishiwa maji ni miongoni mwa sababu kuu za watu kurudishwa hospitali katika wiki za mwanzo. Wengi wao hawakuwa wazembe. Walingoja kiu, na kiu ikachelewa.

Hebu tupige hesabu. Mililita 30 kila dakika 15 ni mililita 120 kwa saa. Ukianza saa 12 asubuhi na kumaliza saa 2 usiku, hizo ni saa 14, na jumla ni mililita 1,680. Umefika. Lakini ukishughulika na mengine mpaka saa 6 mchana, umepoteza mililita 720, na kuzifidia jioni utalazimika kunywa karibu mara mbili ya kasi ambayo mfuko wako unaiweza. Mfuko utakataa au utauma, au wewe utatapika na kupoteza hata ulichokunywa. Deni la maji ya asubuhi halilipiki jioni. Ukilishika hili moja, mengine yote yatakuwa mepesi.

Andaa vifaa kabla hujaenda kulazwa

Tafuta kile kikombe kidogo cha plastiki kinachokuja na dawa ya kikohozi, chenye alama za mililita ubavuni. Usikitupe, maana ndicho kitakachokuwa glasi yako kwa wiki kadhaa. Ukikikosa, nunua bomba la sindano la mililita 20 au 50 lisilo na sindano kwenye duka la dawa, ulitumie kupimia maji ndani ya kikombe chochote kidogo cha nyumbani, kisha uchore mstari kwenye mililita 30. Usikadirie kwa macho. Funda ambalo mtu mzima huliona dogo mara nyingi ni zaidi ya vijiko viwili vya chai.

Tafuta pia chupa mbili za nusu lita zenye mdomo mpana na kalamu ya maka. Jaza chupa, punguza vikombe vinne vya mililita 30, na upige mstari pale maji yaliposhukia. Punguza vinne vingine, mstari wa pili. Endelea hadi mistari minne. Kila mstari ni saa moja, chupa nzima ni saa nne na kidogo, na chupa tatu kwa siku ndizo lita moja na nusu. Andika saa pembeni ya mistari: 1, 2, 3, 4. Ukitupia jicho chupa saa 4 asubuhi unajua papo hapo kama uko nyuma.

Kengele ya simu iwe ya kila dakika 15. Inachosha, na baada ya siku mbili utatamani kuizima. Vumilia wiki mbili za kwanza, au mpe kazi hiyo mtu wa nyumbani. Mume, dada au binti anayekuuliza "umefika mstari upi?" husaidia kuliko anayekuuliza "umekunywa maji?", kwa sababu swali la pili lina jibu moja tu: ndiyo.

Namna ya kumeza

Kaa wima, mgongo umeegemea. Chukua kijiko kimoja cha chai kwanza, kishike mdomoni hadi kipate joto la mwili, kisha kimeze. Subiri nusu dakika. Kikishuka bila kubana, chukua kingine. Kikombe cha mililita 30 kinywewe kwa dakika 10 hivi, si kwa mara moja kisha ungoje kengele. Ukigugumia unameza na hewa, na hewa hiyo ndiyo inayojaza mfuko na kuleta maumivu ambayo watu huyadhania ni ya maji. Kwa sababu hiyo hiyo madaktari wengi huzuia mrija mwanzoni, na vinywaji vyote vyenye gesi vimepigwa marufuku, maji yenye gesi yakiwemo.

Mwili hukuonya kabla ya kutapika. Utasikia kubanwa chini ya mfupa wa kifua, kwikwi moja au mbili, makamasi mepesi kutoka ghafla, au mate mengi yenye povu kujaa mdomoni. Ukiona mojawapo, weka kikombe chini. Simama, tembea polepole ndani ya nyumba kwa dakika 10 hadi 15, kisha anza tena na kijiko kimoja cha maji ya uvuguvugu. Kosa kubwa ni kuongeza maji juu ukitumaini yatasukuma yaliyokwama.

Watu wengi huona maji baridi yanakaza, na ya uvuguvugu yanapita. Wengine ni kinyume. Jaribu yote mawili siku za kwanza na ushike linalokufaa. Wapo pia wanaosema maji matupu yamekuwa "mazito", yanatua tumboni kama jiwe. Hali hiyo inajulikana, na kwa kawaida hupungua uvimbe unapoisha. Kwa sasa tia kipande cha tango, majani ya mnanaa au mchaichai uliochemshwa na kuchujwa, uone kama yatashuka vizuri zaidi.

Ninywe nini?

Ratiba uliyopewa na daktari wako wa upasuaji na mtaalamu wa lishe ndiyo ya kufuata. Kwa kawaida huanza na vinywaji vyepesi unavyoweza kuona ng'ambo ya glasi, kisha vya maziwa, kisha chakula kilichosagwa, kisha laini. Katika hatua ya vinywaji vitupu, kila kioevu kinahesabiwa: maji, supu iliyochujwa, maziwa ya protini. Ila maji yasikose nafasi. Ukimaliza siku kwa maziwa ya protini pekee, choo kitakuwa kigumu na kichwa kitauma.

Supu ya kuku au ya mifupa ni rafiki mkubwa kwa sababu ina chumvi, na chumvi husaidia mwili kushika maji. Ichemshe, iache ipoe kabisa, uondoe tabaka la mafuta lililoganda juu, kisha uichuje kwa kitambaa safi. Mafuta yakibaki, wengi hupata kichefuchefu, na waliofanyiwa baipasi wanaweza kuharisha.

Maziwa huwashinda baadhi ya watu baada ya baipasi, hata ambao zamani walikunywa chai ya maziwa kutwa mara tatu. Tumbo hunguruma, gesi hujaa, na mtu huharisha. Hapo tena maji yanapotea. Maziwa lala huvumilika zaidi kwa wengi, kwani sehemu ya sukari ya maziwa imeshaliwa na vijidudu vya kugandisha. Nunua yasiyotiwa sukari.

Chai yetu ya maziwa na majani mengi, pamoja na kahawa, wengi huambiwa waiache mwezi wa kwanza, kwa sababu kafeini huchokoza mshono. Ukiruhusiwa kurudi, iwe nyepesi, bila sukari, na iachane na vidonge vya madini ya chuma kwa saa mbili hivi, kwani chai huzuia chuma kufyonzwa. Ile "dawa" ya tangawizi, limau na asali inayouzwa mikahawani hapa Nairobi inaonekana ya kiafya, lakini asali ni sukari. Itengeneze nyumbani bila asali, na limau liwe kidogo.

Kwa sukari inafaa kuwa mkali. Soda ya mililita 300 ina takribani gramu 30 za sukari, karibu vijiko vinane vya chai. Kwa aliyefanyiwa baipasi hasa, sukari hiyo humwagika haraka kwenye utumbo na kuvuta maji kutoka kwenye damu kuyaingiza utumboni: baada ya dakika 10 hadi 30 moyo unadunda, jasho linatoka, tumbo linasokota, mtu anaharisha. Saa moja hadi tatu baadaye sukari ya damu inaweza kushuka na mtu akatetemeka. Yaani kinywaji alichokunywa ili apate maji kimemnyang'anya maji. Juisi ya miwa ya kando ya barabara, juisi za pakiti na zile za kuchanganya na maji ziko kundi hilo hilo.

Madafu ya mkokoteni yana nafasi yake ukishavuka hatua ya vinywaji vyepesi. Yana potasiamu nyingi na sukari kiasi, lakini sodiamu yake ni ndogo. Kwa hiyo ukiwa unaharisha au unatapika, hayachukui nafasi ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari unaochanganywa na maji kwa anayeharisha. Mwenye ugonjwa wa figo asiyanywe kabla ya kuuliza.

ORS yenyewe usiiogope kwa sababu ina sukari. Ile ya Shirika la Afya Duniani ina gramu 13.5 za glukosi kwa lita. Katika mililita 30 hiyo haifiki hata nusu gramu. Soma pakiti yako kwa makini, kwani kuna za mililita 500 na za lita moja. Ukiikosa, changanya lita moja ya maji safi, vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa kwa kisu, visirundikwe. Chumvi ikizidi ni hatari. Itumie ndani ya saa 24, iliyobaki imwage.

Usafi wa maji si jambo dogo tena

Wengi hutoka hospitali na dawa ya kupunguza asidi, kama omeprazoli. Asidi ni mlinzi. Ikipungua, vijidudu vilivyokuwa vikiuawa tumboni hupita. Kuhara ambako zamani kungekulaza siku moja sasa kunaweza kukurudisha wodini. Kwa hiyo maji ya mfereji, ya bauza au ya mtungi wa lita 20 uliojazwa kwenye kioski yachemshwe. Dakika moja ya kutokota inatosha maeneo yaliyo chini ya mita 2,000; Nairobi iko karibu mita 1,800, lakini Limuru imepita hapo, hivyo dakika tatu zitakufaa popote. Funika, yaache yapoe, mimina kwenye chombo chenye kifuniko na usichote kwa kikombe.

Maji ya kisima ni jambo lingine. Mitaa mingi hutegemea visima virefu, na baadhi yake vina floraidi nyingi. Kuchemsha hakuondoi floraidi wala chumvichumvi. Ikiwa maji ya ploti yenu yana ladha inayokukinaisha, yatumie kwa kazi nyingine na utafute ya kunywa kwingine, maana kinywaji kisichokuvutia hutakinywa mara 56 kwa siku.

Barabarani na kazini

Anayetoka Rongai au Kitengela alfajiri kuja Nairobi hupoteza saa mbili barabarani bila funda hata moja, na mara nyingi kwa makusudi, kwa kuhofia mkojo ndani ya jam. Wanawake hasa hujinyima maji hivi. Usijinyime. Amka nusu saa mapema, unywe vikombe viwili kabla ya kutoka, uende haja, kisha ukiwa ndani ya matatu unywe gari likisimama, maana likiruka matuta utameza hewa. Jua vyoo vya kulipia vilivyo karibu na stendi yako na uwe na sarafu mfukoni. Kwa kuwa unakunywa kidogo kidogo, kibofu nacho hujaa polepole. Si kama yule aliyemaliza chupa nzima pale stendi.

Ofisini chupa ikae mbele ya macho, si ndani ya mkoba. Kwenye mkutano usiombe ruhusa, meza tu funda lako. Julai, baridi inapoingia, kiu hutoweka kabisa, na hapo thamosi ya maji ya uvuguvugu hufanya kazi kuliko chupa. Januari na Februari jua likiwa kali ongeza kikombe kimoja kila saa ikiwa mfuko unaruhusu. Ukishuka Mombasa, vivyo hivyo.

Ugenini ndiko kugumu. Kikombe kikubwa cha chai kikiletwa, mwenye nyumba hutaka akione kimekwisha. Mwambie mapema, "Daktari amenipimia," na utoe kikombe chako kidogo. Watu huelewa haraka kuliko unavyodhani.

Kuhusu kufunga, iwe Ramadhani au mfungo wa maombi kanisani: kukaa saa 13 bila maji katika miezi ya mwanzo ni hatari ya kweli. Zungumza na daktari na kiongozi wako wa dini mapema, si siku ya kuamkia mfungo.

Chakula kikirudi

Hapa wengi huteleza, wakidhani wamevuka. Maji na chakula havikai pamoja: ukinywa unapokula, mfuko hujaa kabla hujapata protini, au chakula husukumwa chini haraka. Acha kunywa unapoanza kula, na usubiri dakika 30 baada ya kumaliza. Milo mitatu yenye nusu saa ya kula na nusu saa ya kungoja inakula saa tatu za siku yako. Zile saa 14 zimebaki 11, na kwa mililita 120 kwa saa utapata 1,320 tu. Kwa bahati nzuri uvimbe huwa umeshuka, na wengi sasa huweza mililita 45 hadi 60 kwa robo saa. Ongeza kipimo taratibu, wiki kwa wiki, na uchore mistari upya kwenye chupa. Anayeng'ang'ania kipimo cha wiki ya kwanza hadi mwezi wa tatu hukauka bila kujua.

Vidonge navyo vipangie: kila dozi imezwe na mililita 30 zako, na zihesabiwe.

Soma mwili wako

Angalia mkojo. Unapaswa kuwa na rangi ya majani makavu, na utoke kila saa tatu au nne. Ukifanana na chai ya strungi na kunuka vikali, uko nyuma. Vitamini huugeuza njano inayong'aa kwa saa chache. Hiyo ni vitamini B2, usishtuke. Kipimo cha kufinya ngozi kisikudanganye, kwani anayepungua haraka ngozi yake hulegea hata akiwa na maji ya kutosha.

Mizani nayo hudanganya. Kilo moja ya maji ni lita moja. Ukipungua kilo moja na nusu kwa usiku mmoja huku kichwa kinauma na mdomo umekauka, usisherehekee.

Kizunguzungu unaposimama mara nyingi huwa na mojawapo ya sababu mbili: maji machache, au dawa za presha ambazo sasa zimekuwa kali kwa mwili unaopungua. Dawa za kukojoza maji, kama furosemidi, na baadhi ya dawa za kisukari, hasa empagliflozini na dapagliflozini, huongeza hatari. Piga simu kliniki siku hiyo hiyo zipimwe upya. Kwa maumivu tumia parasetamoli. Ibuprofeni na diklofenaki huleta vidonda kwenye mshono, na kwa mtu aliyekaukiwa huumiza figo.

Baada ya baipasi figo zina sababu ya ziada ya kudai maji: oksaleti nyingi, kemikali iliyomo kwenye baadhi ya vyakula, hufyonzwa na kuweza kuunda mawe kwenye figo. Hilo ni la maisha yote.

Wakati wa kwenda hospitali, na karatasi ya kubeba

Nenda leo, usingoje kesho, ikiwa hujakojoa kwa saa 8, ikiwa hata vijiko havikai tumboni kwa saa 12, ikiwa umeanguka au kukaribia kuzimia, au ikiwa umechanganyikiwa. Moyo ukipiga zaidi ya mara 120 kwa dakika hali umekaa umetulia, pamoja na homa, maumivu makali ya tumbo au ya bega la kushoto, huenda mshono unavuja. Mguu mmoja uliovimba na kuuma, au kifua kinachobana, huenda ni damu iliyoganda. Na kama vinywaji vilikuwa vikipita vizuri, kisha kuanzia wiki ya tatu au ya nne vikaanza kukwama siku baada ya siku, huenda njia imesinyaa; hutazamwa kwa kamera na mara nyingi hutanuliwa bila kupasuliwa tena.

Usiku utakimbilia kliniki ya mtaani, ambako huenda hawajawahi kumhudumia mtu mwenye upasuaji huu. Waliofanyiwa India au Uturuki wako katika hatari zaidi, kwa kuwa daktari wao yuko mbali. Andika kwenye karatasi, uiweke pamoja na kitambulisho: aina ya upasuaji, tarehe, hospitali, na namba ya daktari wa upasuaji. Chini yake uongeze mistari mitatu. Kama nimetapika kwa siku kadhaa, nipeni sindano ya thiamini, yaani vitamini B1, kabla ya dripu yoyote yenye glukosi, kwa sababu glukosi bila thiamini inaweza kuumiza ubongo. Msinidunge diklofenaki. Msinipitishie mpira wa puani hadi tumboni kabla ya kuzungumza na daktari wangu.

Nakala moja ikae kwako, nyingine kwa mtu unayelala naye nyumba moja, maana siku utakayoihitaji huenda usiweze kusema.